Picha Moja Niliyomwekea Bibi

Kamera yenyewe ilikuwa ya karatasi. Ukiondoa kijicho cha kioo mbele na kigurudumu cha plastiki nyuma, kilichobaki kilikuwa boksi tu, gumu kidogo kuliko la viatu, lenye rangi ya kijani na nyeupe. Mjomba wangu aliniletea kutoka Dubai nilipohitimu chuo kikuu. Alikuwa mmoja wa watu waliofunguliwa mlango na enzi za ruksa, biashara ya nje ilipoachiwa watu binafsi. Jana yake alikuwa karani wa ushirika ambao haukuwa na cha kushirikiana, na leo anapanda ndege na kurudi na marobota ya vitenge, redio na saa za ukutani.

"Hii ukimaliza picha zake unaitupa," aliniambia.

"Mkanda?"

"Kamera. Nzima. Msafishaji anaipasua, anatoa mkanda, boksi linakwenda jalalani."

Nilicheka nikidhani ananitania. Mimi nimekulia Chumbageni, Tanga, katika miaka ambayo mfuko wa plastiki ulifuliwa na kuanikwa kambani pamoja na nguo. Kopo la maziwa lilikuwa kikombe, kikombe kikitoboka kilikuwa kibatari, na kibatari kikiharibika kulikuwa na mtu wa kukinunua kwa chuma chake. Sasa nimepewa kitu kizima, kinachofanya kazi, ili nikitupe. Nilikiweka kabatini wiki mbili bila kukigusa, nikiwaza picha ipi inastahili kuwa ya kwanza.

Mama alizoea. Husema kwamba mimi nikipewa embe huanza kuwaza kokwa. Ni kweli, na mwaka ule nilikuwa na makokwa mengi. Waliotutangulia chuoni walimaliza masomo na kupangiwa kazi na serikali. Sisi tuliambiwa serikali inapunguza watu, tukatafute wenyewe. Kwa hiyo nilikaa nyumbani nikiandika barua za kuomba kazi. Nilizisoma mara tatu, nikaona neno lisilokaa sawa, nikazichana na kuanza upya. Nyingine sikuzipeleka posta kabisa.

Kamera ilikuwa na picha ishirini na saba. Juu yake kulikuwa na kidirisha chenye namba, na kila ukipiga namba ilishuka. Hilo pia lilinisumbua. Kamera za watu wengine zilihesabu picha walizopiga. Yangu ilihesabu zilizobaki.

Babu, baba yake mama, alifariki Pemba kabla sijafikisha picha ya tano. Alikuwa mkulima wa karafuu upande wa Wete. Mama na mimi tulivuka kwa boti tukafika maziko yamekwisha. Siku ya tatu, baada ya khitma, wajomba wakataka picha ya marehemu, kila mmoja apate ya kuweka ukutani kwake. Nyumba ikapekuliwa. Masanduku yakafunguliwa, msahafu ukafunuliwa ukurasa kwa ukurasa, hata chini ya godoro wakatazama. Babu hakuwa na picha. Miaka ambayo alikuwa na nguvu za kwenda mjini kupigwa, studio ya Wete haikuwa na karatasi wala dawa. Karatasi ziliporudi alikuwa akisema, "Tukimaliza kuchuma." Kilichopatikana ni kadi yake ya chama, na katika ile picha ndogo ya kadi muhuri ulikuwa umemwangukia mdomoni. Macho yalikuwa yake, kofia yake, na chini ya pua duara la wino wa zambarau.

Wajomba waliipokezana mkono kwa mkono. Sauti ya bibi ikatoka chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

"Msije mkanitafuta na mie kwenye kadi."

Alikuwa ameingia eda. Miezi minne na siku kumi angekaa ndani ya chumba kile na ua ule wa nyuma, asionekane na mwanamume asiye maharimu wake. Mimi niliingia na kutoka nipendavyo, nikimpelekea uji na kumsomea barua za rambirambi. Siku moja kabla ya kurudi Tanga niliingia na kamera.

"Bibi, nikupige sasa hivi. Hutatafutwa kwenye kadi."

Aliigeuza kamera mikononi, akainusa. Bibi alinusa kila kitu kipya.

"Unipige, kisha?"

"Kisha naipeleka Tanga ikasafishwe."

"Anasafisha nani?"

"Bwana mmoja wa studio, barabara ya kumi na mbili."

"Mwanamume?"

"Mwanamume, bibi."

"Na wakisafisha picha si huingia gizani?"

"Huingia gizani."

Akamgeukia mama mdogo, bintiye mdogo anayeishi naye, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni. "Umemsikia? Muuza samaki hapa ananiita kutoka barabarani, hakanyagi ua wangu. Weye ukanitie gizani na bwana wa Tanga nisiyemjua, na eda yangu haijatimia wiki! Mwanangu, hicho chuo kikuu walikufunza nini?"

Mama mdogo alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Mimi nilitaka kueleza kwamba kinachoonekana gizani ni mkanda, na kwenye mkanda mtu huonekana uso mweusi na nywele nyeupe, hatambulikani. Nikaona maelezo yenyewe yanazidi kuharibu.

"Siku natoka," bibi akasema, sasa bila mzaha. "Nikishakoga, nimevaa kanga mpya, nimekaa barazani na watu wananiona. Hiyo ndiyo picha. Niwekee moja."

Nikasema nitamwekea.

Nyingine niliwapiga watoto wa wajomba pale uani, nikaondoka Pemba zimebaki tatu. Moja nilimpiga mama kwenye boti, kichefuchefu kimemshika, na hajanisamehe mpaka leo. Moja ilijipiga yenyewe kabatini nilipokuwa nikiangalia kama kamera bado nzima. Ikabaki moja. Namba katika kidirisha ikakaa pale miezi minne, moja, na mimi nikawa mlinzi wake. Niliifunga kwa kipande cha kanga ili joto lisiipate. Niliihamisha kutoka kabati la juu kwenda la chini, kwa sababu nilisoma mahali kwamba joto hupanda. Nililizungusha gurudumu kabisa ili siku ya siku nisihangaike, nibonyeze tu.

Mama aliniambia niazime na kamera ya jirani iwe akiba. Nilikataa. Niliwaza itanidondoka, nitawaza kudondoka kwake badala ya kumtazama bibi. Nikasema moja inatosha, kwani bibi ni mmoja.

Eda ilipokaribia kwisha nikaitwa usaili, wa kwanza maishani mwangu, katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mama akatangulia Pemba. Mimi nilikuwa niondoke baada ya usaili kwa boti ya siku mbili kabla ya bibi kutoka eda, lakini boti ikaharibika injini, na fundi aliyekuwa akiitengeneza aliniambia "kesho" kwa namna ambayo hata mimi niliielewa. Mjomba aliyeniletea kamera akasema, "Panda ndege." Siku hizo zilikuwa zimeanza ndege ndogo za watu binafsi zinazoruka Tanga, Pemba na Unguja. Alisema kama anavyosema mtu panda kitandani.

Sikuwahi kupanda ndege. Ungedhani ningeogopa kuanguka. Mimi niliogopa mashine. Nilikuwa nimesikia kwamba viwanja vya ndege vina mashine ya kumulika mizigo, na mashine hiyo huchoma mikanda ya picha. Nikaenda mtaa wa Nguvumali kwa bwana mmoja wa Lushoto aliyekuwa akipiga eksirei hospitalini, mtu mpole wa kanisa, niliyesoma na mdogo wake.

"Kaka, mashine ya uwanja wa ndege inaweza kuunguza mkanda wa kamera?"

"Inaweza," akasema. Akafikiri. "Inategemea."

Kwa mtu kama mimi hakuna neno baya kuliko inategemea. Afadhali angesema inaunguza.

"Inategemea nini?"

"Nguvu ya mashine. Mkanda wenyewe. Umepita mara ngapi. Sisi mikanda yetu tunaiweka chumba kingine, mlango una risasi ndani, ile madini. Mionzi haipiti kirahisi kwenye madini."

Sikuwa na mlango wa risasi. Lakini mama alikuwa na karatasi zile za kung'aa kama bati, zinazotandikwa ndani ya masanduku ya chai kutoka milimani. Alizipata kwa mtu wa kiwandani akazitunza miaka yote ya shida, akifunikia vyungu. Nilichukua tatu. Niliifunga kamera mara tatu, kila safu nikaibana kwa kidole kila upande, kisha nikaizungushia uzi mweusi wa cherehani mpaka ikawa kama sambusa kubwa ya chuma. Nikaiweka mkobani, chini ya doti ya kanga aliyoninunulia mjomba nimpelekee bibi. Niliridhika. Naikumbuka ile ridhaa kwa aibu, kwa sababu ni mara chache mno katika maisha yangu nimewahi kuhisi kwamba nimefikiria kila kitu.

Uwanja wa ndege wa Tanga haukuwa na mashine. Palikuwa na meza.

Meza ya mbao, kama ya mwalimu wa shule ya msingi, na nyuma yake askari mmoja wa makamo. Ukutani kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba ni marufuku kupiga picha. Abiria tulikuwa saba. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja wa Kipemba, mfanyabiashara, na kapu lake la vitunguu saumu. Askari aliingiza mkono kapuni, akakoroga, akasema, "Pita, mzee." Ilikuwa zamu yangu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, binti. Fungua."

Alitoa doti ya kanga akaiweka mezani taratibu, upande wake. Akatoa kitana. Akatoa sabuni ya mche. Mkono wake ukaingia tena na ukatoka na ile sambusa ya chuma. Aliipima uzito. Akaitikisa sikioni. Akaiweka katikati ya meza na kurudi nyuma nusu hatua.

"Nini hii?"

"Kamera, afande."

"Kamera hii?"

"Nimeifunga kwa ajili ya mionzi."

"Kwa ajili ya nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wangu wa kutokea, na niliupita bila kuuona. Nikaanza kumweleza mionzi. Nikamweleza madini, nikamweleza mkanda unavyoathirika, nikasema inategemea. Niliongea kama ninajibu swali la mtihani, na kadiri uso wake ulivyokuwa ukikunjamana ndivyo nilivyozidi kueleza.

"Binti," akanikatiza, "unaiona mashine hapa?"

"Hapana, afande."

"Mashine ya hapa ni haya macho. Fungua."

Uzi niliufunga vizuri mno. Akanipa wembe. Nilipomaliza kufungua palikuwa na lundo la vipande vinavyong'aa na katikati yake boksi la karatasi, jepesi. Sasa alizidi kushuku.

"Kamera ya karatasi."

"Ndiyo, afande. Ndivyo ilivyo. Ya kutupa."

"Unasafiri na takataka, umeifunga hivi?" Nyuma yangu mtu akacheka. "Sisi tuna amri. Redio, mwenyewe aiwashe tuisikie. Kamera, mwenyewe apige tuone. Piga."

"Afande, imebaki moja tu."

"Basi hiyo hiyo."

Nikanyoosha kidole kwenye kibao. "Lakini hapa ni marufuku kupiga picha."

Mzee wa vitunguu saumu, aliyekuwa amekwisha kupita lakini akasimama kutazama, akasema, "Huyu binti ni wakili?"

"Marufuku mpaka niruhusu mimi," askari akasema. "Nimekuruhusu. Piga chini, piga meza, usinipige mimi. Rubani anatusubiri."

Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi. Niliwaza nijifanye nabonyeza, lakini gurudumu nilikuwa nimelizungusha tangu miezi minne, kidole kikigusa tu ingelia. Niliwaza niiache kamera pale, niichukue nikirudi. Niliwaza niache safari. Niliwaza yule bwana wa eksirei angesema nini. Katika yote hayo sikuwaza jambo moja rahisi, kumwambia askari picha ile ni ya nani.

Nikaelekeza kamera mezani nikabonyeza. Mlio wake ulikuwa mdogo sana, kama mtu aliyevunja kijiti. Namba katika kidirisha ikageuka sifuri.

"Haya," akasema, akalainika mara moja kama watu wa Tanga wanavyolainika. "Si unaona? Ni kamera kweli." Akaanza kunirudishia vitu mkobani. Alipofika kwenye kanga akaipapasa. "Nzuri hii. Ya harusi?"

"Ya bibi yangu. Anatoka eda kesho. Ile picha ilikuwa yake."

Mkono wake ulisimama juu ya kanga.

"Sasa si ungesema?"

Nikaanza kuzikunja zile karatasi za chai.

"Binti, si ungesema! Unanieleza mionzi, mimi nina mionzi gani? Ungesema eda. Na mimi nina mama." Akatazama kamera, akaigeuza kama vile anaweza kuirudisha nyuma. "Hairudi?"

"Hairudi."

"La haula," akasema. Akanifungia mkoba yeye mwenyewe na kunisindikiza mpaka kwenye ngazi ya ndege. Mimi sikutaka kusindikizwa, nilitaka anikasirikie.

Kuruka kwenyewe sikukumbuki vizuri. Nakumbuka mikarafuu ilivyoonekana kutoka juu tulipokaribia kushuka, imepangwa kama mtu aliipanga kwa rula, na mzee wa vitunguu saumu kunigeukia na kuniambia kwa sauti ya kushinda injini, "Mwambie bibi yako ukweli. Watu wazima hawavunjiki kwa picha." Nilitikisa kichwa kumkubalia. Nilikusudia kufanya hivyo.

Nilifika nyumbani alasiri. Bibi alikuwa chumbani bado, na alipoona kamera mkononi mwangu akasema, "Umeniwekea?" Nikasema, "Nimekuja nayo, bibi." Huo haukuwa uongo, na niliushikilia jioni nzima kwa sababu haukuwa uongo. Wete palikuwa na kijana mpiga picha mwenye baiskeli. Mama mdogo alimtaja mwenyewe wakati tukichambua mchele, kwamba alipiga harusi ya jirani, kwamba ukimwita anakuja saa hiyo hiyo. Nilikuwa na jioni nzima. Niliwaza nitakavyosema, nikapanga sentensi ya kwanza, nikaona neno lisilokaa sawa, nikaanza upya. Kama zile barua.

Asubuhi wanawake wakamwogesha bibi. Nguo alizokaa nazo eda zikafungwa zitolewe sadaka. Chumba kikafukizwa udi. Mama alimpaka wanja, jambo lililomfanya aseme, "Msinipake kama mwari, mtanichekesha niharibu picha." Akajifunga kanga moja ya ile doti mpya na kujitanda nyingine. Alipotoka mlangoni watu walipiga vigelegele, na yeye akasimama kizingitini akifumba macho, kwa sababu hakuwa ameliona jua la upande ule wa nyumba kwa miezi minne na siku kumi.

Kisha akaketi kwenye kiti barazani, akaweka mikono juu ya magoti. Wajomba walikuwa wamesimama pembeni. Akanitazama.

"Haya, mwanangu. Msije mkanitafuta."

Niliinua kamera jichoni. Katika kile kijidirisha alikuwa mdogo na amekaa sawa, uso umekunjuka kama nilivyomjua nikiwa mtoto. Nilibonyeza. Hakikulia kitu, kamera ikishafika sifuri hailii. Na mimi, kwa kidole cha shahada, nikagonga kucha juu ya boksi la karatasi. Tak.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, bibi."

Hakuinuka. "Piga na nyingine, pengine hii nimepepesa jicho."

"Imekwisha, bibi. Ilikuwa moja."

Alibaki amekaa pale muda zaidi ya ilivyohitajika, akinitazama mimi, si kamera. Nilidhani anaota jua. Nikaenda jikoni kusaidia kupakua pilau.

Tanga, yule bwana wa studio alisafisha mkanda. Zilitoka picha ishirini na sita nzuri na moja ya meza. Ile ya kabatini ilikuwa nyeusi tii, ila naihesabu miongoni mwa nzuri kwa kuihurumia. Niliwatumia Pemba zao: watoto wa mjomba, mkarafuu wa nyuma, mbuzi wa mama mdogo aliyesimama juu ya kinu. Kuhusu ya bibi niliandika kwamba imeunguzwa na mashine ya uwanja wa ndege. Uongo ule ulinijia wenyewe, ulikuwa umekomaa tayari. Nilikuwa nimeiogopa hiyo mashine muda mrefu kiasi kwamba uongo ulisikika kama jambo lililotokea.

Jibu lilikuja kwa mkono wa mama mdogo. *Bibi yako anakusalimu sana. Anauliza, hiyo mashine imekula picha yake peke yake, ya mbuzi imeitema? Anasema usijali. Anasema mwambie mie nipo.*

Nilicheka niliposoma habari ya mbuzi. Sentensi ya mwisho niliisoma kama watu wanavyoandika mwishoni mwa barua: mimi mzima, nipo. Nilikwisha kuajiriwa, ile ofisi ya bandarini ilinichukua, na kila mara nilikuwa na nia ya kwenda na kamera mbili, tatu, nimpige mpaka achoke. Mjomba aliniletea nyingine, zimo kabatini. Nilingoja likizo. Likizo ilipokuja nilingoja mvua zikatike. Niliwaza pia nikienda nitalazimika kusema, na sikuwa nimeipata bado sentensi ya kwanza.

Bibi alifariki kabla ya mavuno ya karafuu ya pili tangu atoke eda. Wajomba walipekua nyumba. Bibi hakuwa hata na kadi.

Siku ya tatu, baada ya khitma, nilimfuata mama mdogo uani. Nilikuwa nimeichukua ile picha ya meza katika bahasha. Nikamwambia yote: mashine isiyokuwepo, karatasi za chai, askari, kucha. Alikuwa anaosha sinia na hakuacha kuosha.

"Ya kucha tunajua," akasema.

"Mnajua?"

"Mamangu alikuwa na masikio. Ulivyokuwa ukipiga picha za mwanzo, yeye chumbani akihesabu milio. Alisema kamera yako inalia kama kijiti kikikatika, kisha unaizungusha, krr krr. Siku ile ikalia kucha, na hukuzungusha. Ulipoingia jikoni akaniambia, mjukuu wangu amenipiga picha kwa kucha."

"Alikasirika?"

"Alicheka. Mie nikasema nimwite kijana wa Wete, wanja haujafutika. Akanikataza. Akasema ngoja, atasema mwenyewe, asije akaona haya mbele ya watu." Akaliinamisha sinia maji yamwagike. "Halafu ikaja ile barua yako ya mashine. Hapo hakucheka sana. Lakini akasema mwambie mie nipo."

Nikatoa picha. Mama mdogo akafuta mikono kwenye kanga yake na kuishika kwa pembe. Ndani yake kuna meza ya mbao, kitana, kipande cha sabuni, vipande vya karatasi vinavyong'aa kwa mwanga wa dirishani, na upande wa kulia doti ya kanga, imekunjwa, maandishi hayaonekani. Pembeni umeingia mkono wa askari mpaka kwenye kifundo.

"Kanga yake hii," akasema. "Ndiyo tuliyomfunika nayo siku ile, kabla ya sanda." Aliitazama muda mrefu. Nilidhani ataipeleka ndani, aiweke pamoja na kadi ya babu, na nikaona kwamba hilo lingenitosha, kwamba angalau kingekuwepo kitu chake pale.

Akanirudishia.

"Hii kaa nayo weye," akasema. "Sie uso wake tunao."

Aliyasema bila ukali wowote. Kisha akanisukumia sinia lililofuata, nikachutama, nikaanza kuosha.